Gemu Ambayo Sikutakiwa Kuimaliza

Sehemu ya kwanza niliicheza nikiwa kijana, nimepanga chumba kimoja hapa Tunduma, sina mke wala mtoto, na mgongo hauniumi. Nilimpenda mno yule mwanamke wa kwenye gemu, mpiga upanga anayezunguka nchi nzima akiangusha majitu na kujiongezea nguvu. Nilipoimaliza nilikaa siku kadhaa kama mtu aliyefiwa. Sehemu ya pili ilipotoka niliisubiri kwa hamu, na ilipofika mkononi nikakutana na mambo mawili. Shujaa wangu alikuwa amezeeka, amenyang'anywa nguvu zote, anaanza upya na fimbo. Na mama mkwe wangu alikuwa amehamia sebuleni kwangu.

Alitoka upande wa Chitete, ameanguka shambani na kuvunjika nyonga, anasubiri kuitwa Mbeya kwa upasuaji. Chumba cha watoto kimejaa watoto, kwa hiyo kitanda chake tukakiweka sebuleni, karibu na dirisha. Sasa, kwa watu wa mke wangu, Wanamwanga, mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hamsemeshi. Akiwa na neno anamtuma mtu, mpaka siku wazee watakapofanya utaratibu wa kuiondoa hiyo haya, na sisi tulikuwa hatujaufanya. Miaka yote ya ndoa yangu, yule mama hakuwahi kunitamkia hata salamu.

Nikaanza kuingia nyumbani kwangu kwa mlango wa nyuma. Nikawa nakula jikoni, juu ya kigoda, magoti yamefika kidevuni. Mimi ni wakala wa kutoa mizigo mpakani. Kutwa nzima nazunguka kati ya malori na madirisha ya ofisi, mtandao ukikata madereva wananipigia simu kana kwamba nimeukata mimi. Halafu narudi nyumbani sina pa kukaa. Nilikasirika, siwezi kusema uongo.

Mke wangu ndiye aliyepata njia. Alifunga kamba katikati ya sebule, akatundika vitenge vya Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kutoka ukuta hadi ukuta: mimi na televisheni upande huu, mama upande ule. Alimuuliza mama yake kwanza. Mama akajibu kwamba kitenge kikishatundikwa ni ukuta, na ukuta hauna ubaya.

Basi nikacheza, na gemu ikanichosha. Zamani nilikuwa nikimsoma bosi mmoja, jitu kubwa la kufunga hatua, jioni moja tu, najua atapiga lini na atakwepa wapi. Sasa niliuawa na mbwa. Vidole vilichelewa, macho yaliuma, na kila nikifa naanza tena kwenye kijiji kile kile. Nilikuwa nimeshaamua kuizima niirudishe dukani, ndipo nikasikia maneno ya Kinamwanga nyuma ya pazia. Mke wangu, aliyekuwa kwenye mkeka akichambua maharage, akacheka.

"Mama anauliza, yule mama amempata mwanawe?"

Maana hadithi yenyewe ndiyo hiyo: mwanamke mzee anamtafuta binti yake aliyechukuliwa. Kumbe kila jioni mke wangu alikuwa akimsimulia mama yake yanayotokea kwenye kioo.

Tangu hapo tukawa watatu. Mimi nacheza, mke anasimulia, mama anatoa amri kupitia kwa mwanawe. "Mama anasema usimwamini huyo mwenye mtumbwi." Hata mimi sikumwamini. "Mama anasema apumzike kwanza, anahema." Nikampumzisha.

Jioni moja mke wangu akanifuata jikoni, macho mekundu. "Mama anataka kurudi Chitete. Anaogopa kisu. Tena anasema amekufukuza kwenye sebule yako, anaona aibu. Anangoja tu huyo mama ampate mwanawe, halafu aage." Akashika mkono wangu. "Usiimalize. Nakuomba. Mpaka tuitwe hospitali."

Bila upasuaji hatatembea tena, hilo tuliambiwa wazi. Kwa hiyo nikaanza kuchelewesha. Nilivua samaki wa kwenye gemu. Nilichuma majani ya dawa, nikarudisha mbuzi wa wanakijiji mmoja mmoja, nikapanda milima isiyo na kitu juu yake. Gemu niliyoiota miaka yote ikageuka kibarua cha jioni baada ya kibarua cha mchana. Mpakani nilisinzia nimesimama. Na hospitali kila tukipiga simu tunaambiwa tuvute subira.

Mwishowe kazi ndogondogo zikaisha. Ulibaki mlango mmoja tu, na nyuma yake bosi wa mwisho, na nyuma ya bosi huyo binti. Nikawa naingia na kumwacha shujaa wangu auawe. Anaanguka, anatoa mguno wake, tunaanza upya. Jioni hii, na kesho yake. Nyuma ya pazia maswali yalikuwa yamekoma.

Siku hiyo mke wangu alitoka na watoto kwenda gengeni. Nikabaki na pedi ya gemu mikononi, nikamwingiza shujaa mlangoni. Akaanguka. Nikaanza tena. Akaanguka.

"Mkwe."

Nilidhani masikio yananidanganya.

"Mkwe, huyo mama hapigani," alisema kwa Kiswahili chake kizito, cha polepole. "Mimi nasikia. Kwanza alikuwa anapiga. Sasa anasimama tu, wanampiga." Kitanda kikalia, alikuwa anajisogeza, na niliisikia pumzi yake ikikatika kwa maumivu. "Unamuua kwa sababu yangu. Mwache ampate mtoto wake. Mimi hospitali nitakwenda."

Machozi yalinitoka, kwa uchovu au kwa nini, sijui. Kwa desturi nilipaswa kumngoja mke wangu arudi anipelekee jibu. Sikuwa na nguvu ya kungoja tena.

"Asante, mama," nikasema mwenyewe.