Goli Tuliloliona Ndani ya Blanketi

Mpira wa Kimarekani nilianza kuuangalia kwa shangazi yangu, mtaa wa Iringo, pale Musoma mjini, kipindi nimemaliza kidato cha nne nasubiri matokeo. Na mimi kusubiri siwezi. Nilikuwa nashinda dukani kwake nauza vocha na sabuni, wateja wakipungua nafungua simu. Siku moja simu ikaniletea watu wamevaa kofia ngumu, mabega yamejaa, wanagongana kama madume yamekutana mtoni. Shangazi akachungulia.

"Hao wanacheza au wanagombania urithi?"

"Wanacheza mpira, shangazi."

"Mpira gani unakumbatiwa? Hamisha hapo, unaniumiza kichwa."

Nilikuwa nahamisha kweli. Lakini mchezaji mmoja akadaka mpira pembeni kabisa ya uwanja, anaanguka, vidole vya miguu tu ndio vimegusa ndani ya mstari. Refa akasema ametoka nje. Basi kocha wao, mtu mzima na kitambi chake, akachomoa kitambaa chekundu akakitupa uwanjani. Mechi ikasimama. Hakuna aliyemkaba refa shati. Hakuna aliyeokota jiwe. Refa akaenda kuangalia marudio, akarudi, akatangaza mbele ya uwanja mzima kwamba amekosea. Kwa mdomo wake mwenyewe!

Kuanzia hapo nikawa mgonjwa wa hizo video. Kudaka kwao wala sikukujali, nilikuwa natafuta ugomvi tu: ameshika, hajashika, amevuka, hajavuka. Nikajifunza sheria zao. Kocha akitupa kitambaa na kumbe kakosea, timu yake inapoteza kitu. Na picha isipoeleweka, alichosema refa mwanzo kinabaki. Kuna video za zamani refa anaingiza kichwa kwenye kisanduku chenye pazia, sisi tunaona mgongo wake tu. Shangazi naye akaanza kuacha kupima unga anakuja kuangalia. "Huyo kashika," anasemaga. "Refa kipofu huyo. Rudisha tuone."

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Nyumbani kwetu ni Kibara, huko kando ya ziwa, na nilikuwa kapteni wa timu ya wasichana. Mwaka wa nyuma yake tulicheza fainali kule Butiama na wasichana wa Nyamuswa. Tukafunga goli, refa akakataa. Baba zetu wakaingia uwanjani, baba zao wakaingia, fimbo zikaonekana, mechi ikafa. Dume la ng'ombe lililokuwa zawadi likarudishwa zizini kwa mwenyewe, limetafuna majani mchana kutwa, halina bingwa. Mwaka mzima watu wa Nyamuswa tukikutana nao mnadani wanatuuliza, "Nyie wa dagaa, ile nyama ilikuwa tamu?" Nilitaka dume lile. Nililitaka kwa haki, mtu asibaki na la kusema.

Kwa hiyo mashindano yalipokaribia nikapanda gari mpaka Bunda, kwa mwenyekiti wa mashindano.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai baba, nina wazo."

"Kwani wazo lako haliwezi kukaa?"

Nikakaa. Nikamweleza kitambaa chekundu, nikamwonyesha na video. Akaangalia mpaka mwisho, halafu akasema, "Hawa wana mitambo. Sisi tuna nini?"

"Simu, baba. Si kuna wale vijana wanaoshutigi video za harusi? Mmoja asimame goli hili, mwingine lile, juu ya meza. Kapteni akibisha anatupa kitambaa, mara moja tu kwa mechi. Akikosea anapoteza sabu mmoja."

"Sawa. Refa ameangalia, amesema si goli. Baba yako atakubali?"

"Baba? Hakubali."

"Ehee. Kwa hiyo tunarudi kwenye fimbo."

Hapo Wamarekani hawakunisaidia, ikabidi nifikirie mwenyewe palepale. Nikasema, makapteni wote wawili waangalie pamoja na refa. Na yule ambaye uamuzi umemwangukia, yeye ndiye aende kuwatangazia watu wa kwao. Refa asitangaze. Mtu wa kwenu akikwambia si goli, utampiga nani? Binti yako?

Mwenyekiti akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo," akasema, "hiyo ni ya kwetu sasa. Lakini nakwambia, zikitokea kelele kama zile, dume linarudi zizini na sitaki kuona tena mpira wa wasichana hapa."

Tukacheza, tukafika fainali, na nani? Nyamuswa tena. Na kwao.

Kapteni wao nilisoma naye Bunda sekondari, tulikaa dawati moja. Alikuwaga ananakili hesabu kwangu, mimi nanakili bailojia kwake. Tulivyokutana katikati ya uwanja refa anarusha shilingi, akanikagua miguuni.

"Kapteni, umekuja na wavu? Maana hapa hakuna sangara, kuna ng'ombe."

"Nimekuja na kamba. Ya kumfungia huyo dume wenu."

"Utafungia mkungu wa ndizi."

Refa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Butiama, mwanamke mfupi, sauti kama kengele. Akatuambia, "Mabinti, maneno wekeni mfukoni. Vitambaa viko wapi?" Tukamwonyesha. Changu nilikichomeka kiunoni kwenye bukta.

Sasa sikieni kilichonipata. Kipindi cha kwanza hakijaiva, mpira ukapigwa ndani ya kumi na nane yetu, ukamgonga beki wangu, tukautoa. Refa kimya. Kapteni wa Nyamuswa akatupa kitambaa. Yaani kitambaa changu mwenyewe, wazo langu mwenyewe, limenigeukia mimi! Tukaenda kwenye ile simu. Jua lilikuwa la mchana, kioo kinatuonyesha sura zetu tu, tunajiona tulivyokunja ndita. Mwalimu akapiga kelele, "Leteni blanketi!" Mama mmoja akavua la mgongoni, alilombebea mtoto, tukajifunika wote watatu, vichwa vimegusana, kunanuka moshi na maziwa. Mwalimu akarudisha picha. Mkono wa beki wangu uko juu kama anaitikia darasani. Mpira umegonga hapo hapo.

"Unaona nini, kapteni?" Mwalimu akaniuliza.

Nilitaka kusema sioni. Kweli ulimi ulikuwa umeshajiandaa. Lakini kapteni mwenzangu alikuwa ananiangalia kwa karibu, pumzi yake inanigonga shavuni, na sheria ile nilikuwa nimeitunga mimi.

"Kaushika," nikasema.

"Nenda kawaambie."

Nilitoka kwenye blanketi nikatembea mpaka upande wa watu wa Kibara. Baba yangu yuko mbele kabisa. Nikawaambia, "Ameshika. Nimeona kwa macho yangu. Ni penati." Wakaguna. Mjomba mmoja akasema, "Huyu mtoto Musoma imemharibu." Lakini hakuna aliyevuka kamba ya pembeni mwa uwanja. Nyamuswa wakapiga penati, wakafunga. Moja bila. Beki wangu akanipita bila kuniangalia, akasema, "Asante kwa kitambaa chako."

Sikulia. Nilikasirika tu, na mimi nikikasirika nakimbia. Kabla ya mapumziko winga wetu alipenyeza krosi, mshambuliaji wetu akaigonga kwa kichwa, moja moja. Watu wa ziwani wakaanza kuimba.

Mapumziko, vijana wa Nyamuswa wakapita na ndoo za majivu, wakachora mistari upya maana ilikuwa imefutika. Kwetu chokaa hatuna, uwanja unachorwa na majivu ya jikoni. Mstari wa goli ukabaki mweupe pee.

Kipindi cha pili tuliwabana mpaka wakawa wanapiga mpira popote. Winga wetu akaumia kifundo, anachechemea. Benchi nilikuwa nimebakiwa na sabu mmoja tu. Nikasema nimwingize, halafu nikasema ngoja kidogo, hii kona kwanza. Kona ikapigwa, ikatemwa, ikanikuta mimi nje ya kumi na nane. Sikutuliza. Mimi kutokutuliza mpira ndio kitu ambacho kocha wetu amenigombeza tangu nianze. Nikaufyatua hivyo hivyo. Ukapaa, ukagonga mtambaa panya kwa chini, ukadunda chini, kipa wao akaurukia akaukumbatia.

Sisi tumeruka juu. Wao wamesimama. Refa akaonyesha cheza.

"Mwalimu! Umeingia!"

"Umegonga mstari. Cheza."

Nikashika kitambaa kiunoni. Winga wangu akaniona, akasema, "Usitupe! Ukikosea mimi siwezi kutoka, na siwezi kukimbia!" Na kweli. Nikikosea nacheza na mtu wa mguu mmoja. Lakini ule mpira niliuona. Mtu anajua mpira wake. Nikakitupa.

Uwanja mzima ukapiga kelele. Blanketi likaja. Tukaingia tena, Mwalimu katikati.

Picha ikarudi. Mpira unagonga mtambaa panya, unashuka, na pale pale unapotaka kugusa chini, mguu wa kipa unaupitia mbele. Huoni. Unaona mguu, halafu unaona kipa kakumbatia mpira. Basi.

"Haieleweki," kapteni wa Nyamuswa akasema. "Isipoeleweka unabaki uamuzi wa refa. Sheria si yako?"

"Rudisha, Mwalimu. Polepole."

"Nimerudisha."

"Tena."

"Binti, nimeona. Mguu umeziba. Siwezi kutoa goli la kubahatisha."

Nje watu wanapiga makofi kwa pamoja, blanketi linatikisika, jasho linanishuka. Nikasema, "Mwalimu, mara ya mwisho, na tusiangalie mpira. Tuangalie chini."

Akarudisha. Mguu ukapita, mpira ukapotea, na nyuma ya kisigino cha kipa, upande wa nyavu, vumbi likapanda. Jekundu. Udongo mtupu. Akasimamisha picha.

"Wewe umesema umegonga mstari," nikamwambia Mwalimu, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko heshima. "Samahani. Umesema mstari. Mstari si majivu? Yametoka kumwagwa sasa hivi. Mpira ukigonga majivu si yanatimka? Majivu yako wapi?"

Hakuna majivu. Mstari umelala mweupe, mzima, haujaguswa hata kidogo, na vumbi jekundu liko nyuma yake.

Kapteni wa Nyamuswa akanyoosha mkono, akarudisha picha mwenyewe. Akaangalia. Akarudisha tena. Nilikuwa nasikia anavyohema. Ndani ya blanketi mule hapakuwa na Kibara wala Nyamuswa, tulikuwa kama tuko darasani tena na swali moja la mtihani.

"Ni goli," akasema.

"Una uhakika?" Mwalimu akamuuliza.

"Mwalimu, vumbi la kwetu nalijua." Halafu akanigeukia. "Umeniponza na sheria zako, wewe. Sasa niende kuwaambia nini wale?"

"Waambie ulichoona. Mimi si nilienda?"

Akafunua blanketi akaenda. Alitembea taratibu, wala hakuinama. Mimi nilibaki nimesimama, namfuata kwa macho, maana upande ule walikuwa wanaume wengi na fimbo zao za kuchungia. Nikamsikia anasema kwa nguvu, "Goli lao ni halali. Nimeliona. Anayebisha aje abishane na mimi."

Mzee mmoja akasema, "Wewe ni wa kwetu au wa kwao?"

"Wa kwenu. Ndio maana nawaambia nyie. Kaeni chini tusawazishe, muda upo!"

Wakakaa! Jamani, wakakaa. Mmoja akaanza kucheka, na wengine wakaanza kuwapigia makofi wachezaji wao wakaze. Mwalimu akapuliza filimbi, akanyoosha mkono katikati. Mbili moja.

Sikumbuki vizuri nani alinibeba. Nakumbuka winga wetu, yule wa kifundo, alisahau kuchechemea, akakimbia uwanja mzima kabla hatujamkumbusha kwamba anaumwa. Nikamtoa, sabu wangu nikabaki naye kihalali, akaingia akawa anabutua kila kinachomkaribia. Nyamuswa walitushambulia mpaka nikajuta kwa nini muda upo. Filimbi ya mwisho ilipolia nililala chali katikati ya uwanja na mdomo wangu umejaa vumbi.

Mwenyekiti alinikabidhi kamba ya dume mwenyewe. Lilikuwa jeupe na mabaka meusi, na halikuwa na haraka. Mimi nalivuta, lenyewe limesimama linaangalia watu. Kapteni wa Nyamuswa akaja akalipiga kofi la tako, ndipo likaanza kutembea.

"Wewe wa samaki hujui ng'ombe," akasema. "Ng'ombe havutwi. Anasukumwa."

"Basi nisukumie mpaka kwenye gari."

Akanisukumia. Tukamwongoza hivyo, mimi mbele na kamba, yeye nyuma na fimbo aliyomnyang'anya kaka yake, mama zetu pembeni wanapiga vigelegele, wa kwetu na hata baadhi ya wa kwao. Baba yangu alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma wa gari, ameshika upande mmoja, na mzee wa Nyamuswa nisiyemjua kashika upande wa pili, wanabishana kwa sauti ya juu kabisa kama dume liingie kwa kichwa au kwa mkia.