Bendera Niliyoifua

Ni mimi niliyeifua. Kwa miaka sita nimekana, kwa mdomo na kwa macho, na mara moja kwa kiapo, nikiwa nimeshika kikombe cha chai badala ya Biblia, jambo nililodhani linapunguza uzito wa uongo. Wala sikuipangusa vumbi tu. Niliitia katika beseni, nikaimwagia maji ya moto na dawa ya kutoa madoa, kisha nikaisugua kwa brashi ya kusugulia kola za mashati. Bendera ya Jamhuri ya Kenya, mchana wa kuamkia Sikukuu ya Madaraka.

Mtu asiyesoma hawezi kufanya upuuzi wa namna hiyo. Unahitaji digrii.

Baba yangu ni askari wa utawala mstaafu. Kwetu ni upande wa Kibirichia, ambako viazi hustawi na nguo hazikauki. Ofisi ya chifu iko ng'ambo ya barabara, na mlingoti wake unaonekana kutoka mlangoni petu. Askari waliokuwa wakilinda ofisi ile walipohamishwa, chifu aliachiwa mlingoti, kamba na bendera, bila mtu wa kuvishughulikia. Karani alisema yeye aliajiriwa kuandikisha vitambulisho. Basi Baba akajitolea. Saa kumi na mbili asubuhi alipandisha, saa kumi na mbili jioni akashusha, amevaa kofia yake ya zamani, filimbi yake mwenyewe shingoni.

Filimbi ile ilipolia, kijiji kizima kilisimama. Mama mwenye mzigo wa kuni mgongoni alisimama na kuni zake. Mwenye bodaboda alizima injini katikati ya barabara, abiria wake akabaki ameketi wima kama sanamu. Mlevi alishika ua wa jirani asianguke kabla bendera haijafika mahali pake. Punda wa mikokoteni ya viazi peke yao ndio waliokataa katakata, na Baba aliwatazama kwa jicho la kuwahurumia, kama wageni wasio na vyeti vya kuzaliwa.

Mimi wakati huo nilikuwa Embu mjini, nafundisha chuoni na kuandika makala za kulalamika kwamba uzalendo umekwisha nchini. Ofisini kwetu hatukuwahi kusimama kwa ajili ya kitu chochote, isipokuwa chai ya saa nne.

Tatizo la bendera ya Baba lilikuwa ukungu. Jioni nyingi ilishuka imelowa chepechepe. Ofisini kulikuwa na kabati, lakini kabati lilikuwa na panya, na panya hawasimami filimbi ikilia. Kwa hiyo Baba aliibeba nyumbani katika mfuko safi wa unga, akaitandaza kwenye kamba mbili alizofunga jikoni, juu ya meko, karibu na mahindi ya mbegu. Tangu mama atutoke alikuwa akijipikia mwenyewe kwa kuni, na asubuhi bendera ilikuwa kavu kabisa. Ilinukia pia moshi, na kwenye ile mistari yake myeupe kulikuwa na masizi kidogo, kama ndevu za mzee anayevuta kiko.

Nilifika nyumbani siku moja kabla ya Madaraka, nikiwa nimejaa upendo wa nchi na makala mbili zilizochapishwa. Baba alikuwa ng'ambo ya barabara, anayapaka chokaa mawe yanayozunguka mlingoti. Mlingoti wenyewe ulikuwa umepakwa rangi asubuhi na haujakauka, ndiyo maana bendera ilishinda jikoni siku hiyo. Nikainua macho kutoka kwenye sufuria ya githeri, nikaiona inaning'inia kwenye moshi kama nyama. Nilihuzunika kweli. Nikasema moyoni: hivi ndivyo tunavyoitunza alama ya taifa letu? Nikaingia dukani nikanunua dawa ya kutoa madoa, chupa kubwa, kwa maana nchi haistahili chupa ndogo.

Kitambaa kikiwa kimelowa hudanganya kama mgombea wa kura. Kilipotoka kwenye beseni kilionekana kimeng'aa. Nikakikamua, nikakirudisha kwenye kamba zake, nikajipongeza. Jioni Baba alikikunja bila miwani, akakitia kwenye mfuko wa unga. Nilitaka kumwambia, kisha nikaona ni vyema iwe zawadi ya kumshtua. Kwa hilo nilifaulu.

Kesho yake uwanja wa chifu ulijaa. Palikuwa na wazee, kwaya ya akina mama, watoto wa shule, na Bwana DO, mkuu wa tarafa, kwenye kiti cha kitambaa chekundu. Ukungu ulikuwa mzito hata ncha ya mlingoti haikuonekana. Baba alipiga filimbi, watu wakakauka, wimbo wa taifa ukaanza, na bendera ikapanda taratibu mpaka ikamezwa na weupe. Hapo jua nalo likaamua kusherehekea. Ukungu ulifunguka kama pazia, na sote tukaiona.

Nyeusi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi iliyotiwa maji mara mbili. Nyekundu ilikuwa kama ufizi wa mtoto. Kijani kilifanana na kabichi iliyosahauliwa motoni. Nyeupe, kusema kweli, ilikuwa nyeupe pepepe, ingawa hakuna aliyenipongeza kwa hilo mpaka leo.

Na hakuna aliyeweza kucheka, kwa kuwa wimbo wa taifa ulikuwa bado beti mbili. Nilitazama mabega ya akina mama wa kwaya yakitikisika, midomo yao ikiomba haki iwe ngao na mlinzi. Wimbo ulipoisha, Bwana DO aliinuka polepole.

“Mzee,” akasema, “hii ni bendera ya nchi gani?”

“Ya Kenya, Bwana DO.”

“Kenya ipi?”

Sasa watu wakacheka. Baba alikuwa bado ameshika kamba. Jirani yetu, mwalimu mkuu mstaafu ambaye hakuwahi kukosa maelezo ya jambo lolote, akajitokeza mbele. “Ni moshi huo, Bwana DO. Huyu huianika jikoni. Moshi hula rangi, hiyo ni sayansi.”

Chifu, mtu mpole, akamshika Baba mkono. “Mzee, sasa pumzika kidogo.”

Kidogo hicho kilikuwa miaka sita.

Nyumbani Baba aliitandaza bendera mezani, akavaa miwani, akaikagua kipande kwa kipande. Huniita Mama, kwa kuwa nimechukua jina la mamake.

“Mama, jana uliiona ilivyokuwa?”

“Sikuiangalia sana, Baba.”

“Hukuigusa?”

“Mimi? Niiguse kwa nini? Haki ya Mungu, Baba.” Hicho ndicho kiapo cha kikombe. Na kwa kuwa uongo mmoja hauna raha ukiwa peke yake, nikaongeza: “Ni moshi tu. Mwalimu ameyasoma mambo hayo.”

Nikiulizwa kosa langu lilikuwa lipi, sitaji dawa wala beseni. Ni sentensi hiyo. Baba aliniamini mara moja, kwa sababu nilisoma, na kwa sababu ada yangu aliilipa yeye. Akaondoka mezani, akaenda jikoni, akazikata zile kamba mbili kwa kisu. Wiki iliyofuata alinunua jiko dogo la gesi na meko yakafungwa.

Mwalimu mkuu akakabidhiwa bendera mpya. Filimbi yake ilikuwa ya mpira wa miguu, na kila jioni aliipuliza kana kwamba mtu ameunawa kwenye eneo la hatari. Baba hakukanyaga tena uwanja ule. Kila Madaraka nilikwenda nyumbani, na kila Madaraka nilimkuta shambani akipalilia viazi vyake, mgongo ameuelekeza barabarani. Wimbo ukianza ng'ambo, aliacha kulima. Akaliweka jembe ubavuni kama bunduki, akaunganisha visigino kwenye matope, akasimama kikakamavu peke yake katikati ya viazi mpaka wimbo ukaisha. Kisha akaendelea. Mimi nilitazama kutoka dirishani nikiwa na chai yangu, nikajiambia kwamba nitalizungumza jambo hili wakati muafaka. Kuna watu wameandika tasnifu nzima wakisubiri wakati muafaka. Mimi ni mmoja wao.

Mwaka huu mwalimu mkuu alihamia Nanyuki kwa binti yake, akaondoka na filimbi. Mwezi Mei chifu akanipigia simu Embu.

“Madam, tunakuomba uje utuzungumzie siku ya Madaraka. Wewe ni wetu na umesoma.”

“Kuhusu nini, Chifu?”

“Heshima kwa bendera ya taifa.”

Nikamuuliza nani atakayeipandisha.

“Hapo ndipo tumekwama. Wazee wamemtaja babako. Wengine wanasema, aa, tusirudishe mambo ya moshi. Lakini shida si hao, shida ni yeye. Nimemwendea mara mbili. Ananiambia mtu aliyeharibu ya kwanza hapewi ya pili.” Akashusha sauti. “Na umeyaona magoti yake, Madam? Hayatangoja Madaraka nyingine.”

Jumamosi nikaenda. Njiani nilitunga ungamo zuri sana, lenye utangulizi. Nilimkuta Baba akiinulia viazi udongo, nikavua viatu vyangu vya mjini, nikaingia kwenye mtaro, na utangulizi wote ukanitoka.

“Baba, bendera ile niliifua mimi.”

Hakuinua kichwa mara moja. Alimaliza shina alilokuwa nalo, akaegemea jembe. Kisha akauliza maswali, moja moja, kwa ile sauti ya kambini ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni.

“Saa ngapi?”

“Saa nane hivi. Ulikuwa unapaka mawe chokaa.”

“Maji?”

“Moto.”

“Moto kiasi gani?”

“Ya kunyonyolea kuku.”

“Na dawa?”

“Chupa nzima.”

“Chupa nzima,” akarudia, kana kwamba anaandika kwenye kitabu cha matukio. “Na nilipokuuliza?”

“Nilikudanganya.”

“Na moshi?”

“Moshi haukufanya kitu, Baba. Ilikaa kwenye moshi miaka mingapi na rangi zake zote?”

Alitazama nyumba yetu, ule upande wa jikoni. Nilitarajia hasira. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata nilikuwa na majibu.

“Kila nikitaka kuwasha moto,” akasema, “niliona kama naichoma tena.”

Nikainama, nikang'oa gugu lililokuwa karibu na mguu wangu.

“Nenda nyumbani kabla ya mvua,” akasema, akainama, akaendelea na mstari wake. Nilisimama pale kidogo na miguu yangu ya matope, msomi mzima, kisha nikaenda.

Siku hiyohiyo nilimpigia chifu nikamweleza. “Aah, Madam!” akasema. “Wewe?” Nikasikia akikohoa. “Sasa, na ile hotuba?” Nikamwambia sidhani kama ninafaa. Akasema anafikiri hivyohivyo, lakini kwanza azungumze na Mzee, maana bila Mzee hakuna wa kupandisha, na DO amekwisha kualikwa.

Nikarudi Embu, nikangoja. Siku ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Baba hupiga simu mara chache, na akipiga hupiga kelele, kwa kuwa anajua umbali kutoka Kibirichia hadi Embu. Siku ya nne, nikiwa kwenye kikao cha idara ambapo tulikuwa tunajadili rangi ya mapazia, simu ikalia. Nikatoka mbio hadi kwenye varanda.

“Mama!”

“Naam, Baba.”

“Chifu yuko hapa kwangu. Anakunywa chai. Ananiuliza kama nitapandisha.”

“Umemwambia nini?”

“Nimemwambia nitapandisha. Lakini wewe utaongea kwanza.”

“Baba, nimemwambia Chifu siwezi. Nitasema nini mimi juu ya heshima?”

“Utasema yale uliyoniambia shambani. Maji, dawa, chupa nzima. Na ile ya moshi usiiruke. Ukimaliza, nitapiga filimbi.”

“Mbele ya DO?”

“DO atakuwa ameketi. Hataanguka.”

Nilijaribu mlango wa mwisho. “Basi nitaiandika vizuri, Baba, kwa Kiswahili, niisome.”

“Hapana,” akasema, na nyuma yake nikamsikia chifu akicheka ndani ya kikombe. “Usiandike. Utasema kwa Kimeru chetu, watu waelewe. Saa mbili uwe umefika.”

Akakata simu.