Mkono Nilioinua

Baba yangu ni fundi suti. Kwa miaka mingi ameshonea kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, Moshi mjini, na nilipopata kazi ofisi moja mitaa miwili kutoka pale, nusu ya wenzangu walikuwa wateja wake. Nilijua mabega yao kabla ya kujua majina yao. Dada wa mapokezi, bega la kushoto limeshuka kidogo. Mhasibu, tumbo ambalo baba alilificha kwa mkato wa koti hadi mwenyewe akalisahau.

Kisha akaja meneja mpya kutoka Dar, kijana wa raba nyeupe. Kwenye kikao chake cha kwanza alisema suti zinawatisha wateja, kwamba mkulima akishuka kutoka mlimani na kutukuta na tai anadhani ameingia mahakamani.

"Anayetaka tuvae kawaida, jinzi na fulana, anyooshe mkono."

"Hata kandambili, bosi?" mhasibu akauliza.

Tulicheka, na katikati ya kicheko mikono ikapanda. Wangu pia. Ningependa kuandika kwamba sikufikiri. Nilifikiri. Nilimwona baba, chaki nyuma ya sikio, mdomoni pini, nikainua.

Wiki mbili baadaye mhasibu alikwenda kibarazani kuchukua kitambaa chake cha kijivu kabla hakijakatwa.

"Samahani, mzee. Mama watoto anasema kitafaa kwa pazia."

"Pazia la suti," baba akajibu, akamkunjia kitambaa vizuri. "Mwambie aweke na mfuko wa kalamu."

Alinisimulia hayo jioni, nyumbani Kibosho, akicheka peke yake. Baada ya hapo wateja walipungua mmoja mmoja, na mikono yake iliyozoea kutia bitana ndani ya makoti ikawa inafupisha miguu ya jinzi za mitumba. Baba hakunilaumu. Alimlaumu meneja. "Huyo mtoto wa Dar amewalazimisha," alisema, nami nikamwacha aamini hivyo. Kila asubuhi niliondoka nyumbani na koti alilonishonea nilipoajiriwa, nikapita nalo mbele ya kibaraza, nikamwamkia, nikakata kona, nikalivua.

Nilifanya hivyo miezi minne. Jumapili moja, baada ya misa, nilishindwa kuvumilia. Nilikwenda kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo, nikachuma jani la sale. Kwetu, aliyekosa akilileta jani hilo limefungwa fundo, aliyekosewa hana budi kusamehe. Watu hulipeleka baada ya ugomvi wa ardhi, baada ya damu. Mimi nililipeleka kwa sababu ya fulana.

Baba alikuwa nyuma ya nyumba akimkatia ng'ombe majani ya migomba. Aliliona jani kabla sijafungua kinywa, akaweka panga chini.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, baba. Ni langu."

"Umenikosea nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akijua. Nilikuwa nimejiaminisha kuwa anajua na ananivumilia.

"Hatukulazimishwa. Tuliulizwa, nikanyoosha mkono."

"Na wenzako?"

"Wote."

"Wao walinyoosha kwa nini, sikuulizi. Wewe ulinyoosha kwa nini?"

Ningeweza kusema joto la mjini. "Niliona aibu," nikasema. "Sikutaka nionekane mshamba, binti wa fundi."

Ng'ombe alivuta jani la mgomba lililokuwa mkononi mwa baba, naye akaliachia. Taya lake lilicheza, nikaona hasira ikipanda usoni mwake na kukosa pa kwenda, maana jani la sale lilikuwa bado limenyooshwa kati yetu. Nikatamani kulirudisha nyuma ya mgongo.

Akalipokea.

"Nimekusamehe," alisema. "Ungekuja mikono mitupu, leo ningekutukana mpaka majirani wasikie. Kesho tungekunywa chai."

Akaokota panga, akaendelea kukata.

Sasa nikipita kibarazani nimevaa fulana, hanifichi uso. Nikisema shikamoo, anaitikia marahaba, anaulizia kazi, ananitakia siku njema. Hajanigombeza tena kama zamani kwa jambo lolote, hata nilipounguza maharage, hata niliposahau kumfungia ng'ombe zizi. Ananisemesha kwa upole uleule aliomkunjia nao mhasibu kitambaa chake.