Nani Kabadilisha Gia ya Baiskeli Yangu?

Kitu cha kwanza nilichogundua: magoti hayaumi.

Nimepanda kilima cha Weston Road, theluji imejaa, na magoti kimya!

Nikashuka.

Baiskeli yangu ni ya gia moja, ile ambayo gurudumu likienda, pedali nazo zinazunguka. Hakuna kupumzika. Hata kusimama, unazuia kwa miguu. Tangu baridi ianze, kilima kile nilikuwa naisukuma tu.

Nikainama. Gia ya nyuma ilikuwa kubwa kuliko ya jana. Cheni nayo imerefushwa.

Nani kaigusa?

Nikamshuku Calvin, jirani yetu anayependa kuchezea baiskeli. Lakini kwa aibu zangu hizi, nitamuulizaje?

Naishi mtaa wa Mount Dennis, huku ughaibuni, chumba kimoja na Sabine, Mrundi. Yeye anatunza wazee usiku, mimi nafunga mizigo ghalani Malton mchana. Kitanda kimoja tunapokezana. Tunaonana mlangoni tu, yeye akirudi, mimi nikitoka.

Mji mzima huu, ni yeye pekee anayeniita Médiatrice. Kazini wananipigia mluzi.

Kesho yake nikamwambia, "Da Sabine, kuna mtu kachezea baiskeli."

"Mtu!" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Huyo mtu ni binti wa fundi baiskeli wa mji wa Ngozi, wee! Nikuache uikokote kama mbuzi wa mnada?"

"Ni wewe?"

"Jana niliwahi kurudi, ukiwa bado umelala. Kwetu baiskeli ya kubeba ndizi ikikutana na mlima, nyuma unaweka gia kubwa. Utakwenda polepole, sawa. Theluji haitaki mbio. Inataka uweze kusimama."

"Basi cheni ikilegea, fundi ninaye."

Hakucheka.

"Utaikaza mwenyewe, mdogo wangu. Shika spana, nikuonyeshe."

"Sasa hivi? Umekesha, dada. Lala kwanza."

"Jumamosi nahamia Ottawa. Nimepata kazi ya mchana."

Nikashika spana. Akanionyesha nati za gurudumu, namna ya kulivuta nyuma, cheni inavyotakiwa kucheza kidogo tu. Nilijifunza yote. Nilikuwa naitikia "ndiyo, dada," huku macho yangu yako chini.

Kazini nilichelewa.

Sasa kitanda ni changu usiku na mchana, na kila nikiingia nakikuta cha baridi.

Ndugu zangu, mtu akikurahisishia njia ghafla, usiishie kushukuru. Muulize anakwenda wapi.

Mimi nilisema "hongera, dada." Hilo ndilo lililotoka.

Lililobaki kooni ni hili: Da Sabine, usiende.