Kupanda Jangwani Bila Kushuka

Baba yangu mdogo alikuwa na punda mmoja mkaidi, huko kwetu Nzega, na mimi ndiye niliyekuwa natumwa kwenda naye kisimani. Umri wangu wa wakati ule siujui, ila meno ya mbele yalikuwa yameng'oka yote mawili, wewe hesabu mwenyewe. Kisima kilikuwa bondeni. Wakati wa kushuka punda anashuka kama anaenda harusini. Wakati wa kupanda na maji mgongoni, anasimama katikati ya njia na kuniangalia. Nachapa, ananiangalia. Siku moja baba mdogo akanikuta nalia, akaninyang'anya fimbo, akasema mwache achague hatua zake. Basi yule punda akapanda kwa vihatua vidogo vidogo, kama mama aliyebanwa na khanga, na akafika juu bila kupumzika. Shule niliishia la pili, na hiyo nayo ilikuwa kwa sababu ya punda huyo huyo, lakini hayo tuyaache.

Mjini sasa nimekaa miaka mingi kuliko Nzega. Nashona maturubai Kariakoo, nalala Magomeni. Kila asubuhi natoka na baiskeli yangu nyeusi ya Kichina, ile ya chuma kizito, turubai limekunjwa kwenye karia, nateremka Jangwani, navuka daraja, halafu naanza kuupanda ule mwinuko wa kwenda kituo cha Fire. Mwenye gari atakwambia pale hakuna mlima. Yeye anakanyaga mafuta. Magoti yangu yanaufahamu mlima ule mpaka ukoo wake. Miaka ya karibuni nilikuwa nikifika katikati nashuka, nasukuma.

Na pale juu alikuwa amekaa Mzaramo.

Fundi viatu, ana mwavuli wa rangi mbili na kidevu cha mbuzi. Mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani ana ruhusa ya kunitukana hata msibani na mimi nikacheka. Kila asubuhi akiniona nasukuma ananisalimu kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Atasema babu zangu walipita hapa na pembe za ndovu vichwani, kwa nini mimi nisiibebe baiskeli kichwani nikamaliza. Mimi namjibu kwamba babu zake walipowaona wanapita waliacha kulima wakapiga ngoma, na hawajarudi shambani mpaka leo. Yeye husema shamba analo, la mihogo, Kisarawe, na ipo siku ataliendea. Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi mno, ndiyo maana sikumsikia.

Siku ya maneno nilikuwa nimempelekea kiatu changu cha kushoto, cha ile jozi nzuri, soli imeachia. Wanywaji kahawa walikuwa watano sita kwenye benchi. Akakishika kile kiatu, akaniambia, "Mnyamwezi, sikiliza mbele ya watu. Ijumaa ukipanda hapa na mzigo wako bila kuweka mguu chini, mimi nahama. Ukishuka, baiskeli inakuwa yangu."

"Utahamia wapi na wewe?"

"Hilo halikuhusu. Kiatu kinabaki kwangu usije ukakimbia."

Watu wakacheka, nami nikasema sawa. Nilipofika kazini ndipo nikajua nimejifunga. Kwa mtani neno ukilisema mbele ya watu limesemwa. Na mimi bila baiskeli ni nani? Binti yangu alikuwa ananiambia kila siku nitulie barazani nisubiri chakula. Bila baiskeli ningetulia kweli, na ningekufa mapema.

Nikakimbilia kununua mnyororo mpya. Akili yangu ilinituma kwamba wa zamani umelegea ndiyo maana nguvu inapotea. Nikaufunga mwenyewe, jioni hiyo hiyo nikaenda kujaribu mwinuko. Nilipokanyaga kwa nguvu tu, krak! Mnyororo ukaruka meno, mguu ukateleza, na mimi nikakalia bomba la fremu, na mwanamume aliyewahi kulikalia bomba la fremu kwa ghafla hahitaji maelezo zaidi.

Kesho yake nikaikokota baiskeli mpaka kwa Mwarabu mwenye duka la spea, mtaa wa pili kutoka sokoni. Baba yake aliuza baiskeli palepale, na yeye ana duka lakini hakai kwenye kiti, muda wote yuko chini na mikono ya grisi. Akapitisha kidole kwenye meno ya nyuma, yalikuwa yamechongoka kama ya papa. Akasema mnyororo na meno vinazeeka pamoja, ukiingiza mpya kwa vizee havielewani. Akanitazama. "Mzee wangu, kwani wewe ungeoa binti wa miaka ishirini?"

Nikamwambia ningejaribu.

Alicheka mpaka akaangusha spana. Halafu akanionyesha baiskeli moja iliyokuja na kontena kutoka Japani, fremu imevunjika lakini gia zake nzima: meno sita ya nyuma, yamepangwa kama sahani kutoka dogo hadi kubwa, na kile kimkono kinachousukuma mnyororo kutoka sahani hii kwenda ile. Nikauliza kama vitakaa kwenye chuma changu. Akasema tutavilazimisha kwa adabu.

Jamani, siku ile sikushona hata turubai moja. Tulifungua meno ya zamani, yaling'ang'ania mpaka tukaweka bomba refu kwenye spana na kuning'inia wote wawili. Ekseli ikawa fupi, akatafuta ndefu. Tukatanua uma wa nyuma kidogo. Mbele tukaweka duara la meno dogo zaidi, halafu mnyororo mwembamba unaolingana na vyote. Baiskeli ikaning'inizwa kwa kamba, nikazungusha pedali kwa mkono, yeye akabonyeza kiswichi kwenye usukani. Tak. Mnyororo ukapanda sahani moja. Tak. Nyingine. Nikamwomba arudie. Nadhani nilimwomba mara kumi, na hakuchoka, alikuwa anafurahi kama mimi.

Alipofika sahani kubwa kuliko zote, pedali ikawa nyepesi na gurudumu likawa linajongea kidogo kidogo. Nikamwona yule punda. Nikacheka peke yangu, na Mwarabu akadhani nimelewa grisi.

Ijumaa asubuhi nikateremka Jangwani, turubai kwenye karia. Darajani nikabonyeza, tak, mpaka sahani kubwa. Sikukanyaga kwa hasira. Vihatua vidogo, vidogo. Wenye pikipiki wakanipita, mtu wa miguu akanipita pia, haya, pita. Pale katikati ninaposhuka siku zote, goti likauliza, nikaliambia twende. Juu nikaanza kusikia benchi la kahawa linapiga makofi, mmoja ananiita kijana, na mimi nikapiga kengele njia nzima iliyobaki. Nilipita mbele ya mwavuli ule miguu yote juu ya pedali, nikamwambia, "Mzaramo, hama!"

Hakunijibu kwa tusi. Alicheka kweli, akapiga kofi moja gotini. Halafu akasimama. Akakunja mwavuli, akatia nyundo na kile chuma chake cha kugongea viatu ndani ya gunia, na nyuzi, na gundi. Benchi zima likacheka, tukijua ataishia kwenye kona na kurudi kunywa kahawa yangu. Akalitupia gunia begani, akapunga mkono bila kugeuka, akashika njia ya Msimbazi.

Kahawa yake niliinunua, ikapoa kwenye kikombe. Hakurudi siku ile wala baadaye, na kiatu changu cha kushoto alikwenda nacho.