Kuwajulisha Mama na Mwana Kabla Hawajaonana

Siku yangu ya kwanza kazini sikumzalisha mtu. Nilikuwa mkunga mwenye cheti kutoka Tanga, nimemfuata mume wangu aliyekuwa akiuza vitenge Newtown, huku kusini mwa Afrika, na kibali cha kazi kilipotoka nikapangiwa kliniki ya wajawazito upande wa Yeoville. Niliingia na sare iliyopigwa pasi nikitarajia chumba cha kujifungulia. Matroni, mama mrefu wa Kizulu aliyekuwa mkuu wetu, akaniketisha kando ya kitanda alicholala mjamzito mmoja. Akasema, "Leo utatumia mikono tu. Mtafute mtoto."

Nikapapasa tumbo kama nilivyofundishwa. Ninyi wakunga mnaoanza sasa mna mashine za picha, lakini mikono bado inahitajika kujua mlalo wa mtoto. Kichwa ni kigumu na cha mviringo, matako ni laini, mgongo ni kama ubao mfupi, na upande wa pili ndiko viliko vijiguu.

"Kichwa kiko chini, mgongo uko kushoto," nikamwambia matroni.

"Mimi unaniambia ya nini? Mwambie mama yake."

Nikauchukua mkono wa yule mama, nikauweka pale. Akaanza kupasugua polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyeanza kusinzia.

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu kwa miaka mingi. Presha tulipima, damu tulipima, lakini matroni alitaka kila mama aondoke akiwa amefahamiana na mwanawe. Mimba ikifika kadiri ya miezi sita mtoto anaanza kusikia, kwa hiyo tuliwaambia wamsalimie na wamwimbie, na wajue desturi zake: anacheza saa ngapi, analala saa ngapi. Mama anayejua desturi za mwanawe hutambua mapema zinapobadilika, naye akija kutuambia tunamwahi.

Furaha ndiye aliyenifundisha kwamba jambo hili halilazimishwi. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, msusi katika saluni ya jirani. Nilipotaka kumwonyesha mgongo wa mtoto, akaurudisha mkono wangu.

"Sista, usiniwekee mukono pale. Ule wa kwanza nilimupa jina, nikamuimbia, akazaliwa amekufa. Uyu sitaki kumujua mupaka alie."

Nilikwenda kwa matroni nikiwa sijui la kufanya. "Mwache," akasema. "Wewe mwambie mtoto yuko vipi. Usimwambie yeye ajisikie vipi."

Basi kila alipokuja nilimpa habari tu, kama mtu anayemletea mwenzake salamu za nyumbani. Leo mgongo umehamia kulia. Leo ana kwikwi. Furaha alitazama dari, akashukuru, akaenda zake. Mpaka siku moja, akivaa viatu, akalalamika mwenyewe.

"Uyu mutoto iko na vita! Nikisuka mutu, ananipiga. Nimemuambia, we, tulia, mama anatafuta ugali."

"Umemwambia?" nikauliza.

Akashtuka, akafunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

Mimba ilipokaribia kutimia alikuja adhuhuri moja bila miadi, aproni ya saluni imejaa vipande vya nywele za rasta, anahema.

"Ameninyamazia, Sista. Kila asubui ninamuimbia, ananijibu. Leo nimeimba mupaka wateja wameshangaa. Ajibu hata kidogo."

Nikachukua pembe ya mbao ya kusikilizia, nikaliegemeza sikio. Mapigo ya moyo yalikuwepo, lakini yalikuwa mazito, yanasuasua. Nikamwita matroni. Naye akasikiliza, akainuka upesi.

"Eish. Gari la wagonjwa, sasa hivi!"

Furaha alinishika mkono garini akaukaza hadi vidole vyangu vikafa ganzi. Alikuwa akiongea na tumbo njia nzima, kwa Kiswahili chao na Kimashi cha kwao, akimwambia mtoto asiende. Hospitali wakampeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji. Daktari alipotoka alikuwa ameshavua barakoa.

"Kiungamwana kilikuwa kimemkaba," akasema, yaani ule mshipa wa kitovu. "Tumemwahi. Nani aliyegundua?"

"Mama yake," nikajibu.

Walipomlaza yule mtoto kifuani pa Furaha alikuwa akilia kwa hasira. Furaha akaanza wimbo wake kwa sauti iliyokauka. Mtoto akakatisha kilio, akageuza kichwa. Furaha akanitazama, machozi yanamwingia masikioni.

"Ananijua," akasema.

Baadaye nikahamishiwa kliniki ya Diepsloot, chini ya Mganga Mfawidhi, yaani daktari mkuu, aliyetaka akina baba nao waingie ndani wake zao wanapopimwa. Mmoja, Mzanzibari mwenye spaza, duka dogo la mtaani, aliona haya sana. Alipoambiwa amsalimie mwanawe aliweka kofia sawa, akasema "Assalamu alaikum" kama anayeingia ofisi ya serikali. Mkewe alicheka hadi nikasitisha kupima presha. Safari iliyofuata alikuja kabla hatujafungua.

Sasa nimestaafu, ninakaa mtaa wa Observatory, na sina ninaloidai kazi hii. Watoto niliowahi kuwapapasa matumboni nikikutana nao sokoni wananiangalia kama bibi yeyote, nami nawaacha.

Majuzi binti yangu Mariamu, aliyezaliwa hapa na anayenijibu Kizulu hata nikimsemesha Kiswahili, alikuja na mimba yake ya miezi saba. Akajinyoosha kwenye kochi langu.

"Mama, mwongeleshe wewe. Mimi Kiswahili changu kimevunjika, atajifunza makosa yangu."

Nikapiga magoti mbele yake. Nimewafundisha wanawake wangapi maneno ya kusema? Yote yalinipotea. Mariamu akasubiri, hakunicheka.

"Mimi ni bibi yako," nikasema mwishowe. "Nje kuna baridi, lakini humu tumewasha hita. Mama yako amekula wali, amemaliza sahani. Usiwe na haraka. Sote tupo."