Ukurasa wa Dalali

Baba alikuwa dalali wa samani kuukuu, na mdomo wake haukuwa na breki. Kabati likikosa mlango, alisema hilo ni la watu wasio na siri. Kiti kikiyumba, alisema kinabembeleza mtoto chenyewe. Watu walikuja mnadani kumsikiliza tu, wakajikuta wanarudi nyumbani na meza wasiyokuwa na pa kuiweka. Matangazo ya mnada aliyachapa mwenyewe kwa kidole kimoja, na ole wako ujitolee kumsaidia.

Kiharusi kilimlaza mguu mmoja, mkono mmoja, na ulimi. Akili, daktari alisema, imebaki nzima. Mimi niliona hiyo ndiyo adhabu yenyewe: maneno yote yamo ndani na mlango umefungwa.

Mama akajipa ukalimani. Baba akikohoa, Mama anatoa sentensi mbili. "Anasema asanteni kwa kuja." "Anasema huo mto uko juu sana." Baba naye aliitikia kwa kichwa kila alichosema Mama, na wageni waliondoka wakisifu jinsi wazee hawa wanavyoelewana.

Kisha daktari akaleta habari ya kumpasua kichwa mara ya pili, maana ile ya kwanza haikumsaidia. Alituambia wazi kwamba huenda asiamke. Mama hakungoja amalize.

"Mzee amekubali," akasema.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza, "Amekubali lini, Mama?"

"Amekubali. Na mgonjwa haulizwi uji, mwanangu."

Baba akaitikia kwa kichwa, kama kawaida. Mimi sikuridhika. Mtu anayepasuliwa kichwa ni haki yake kuulizwa, na ajibu yeye.

Nikamletea ile laptopu yake ya matangazo. Ilipowaka ikataka nywila, kisha ikataka kujisasisha, kisha vidirisha vikaanza kuchomoza kila kona kama majirani waliosikia ugomvi. Kidole chake kinatetemeka. Kikagusa pasipo pake, ikafunguka video ya kijana anacheza dansi. Baba akaisukumia mbali. Machozi yalikuwa yanamlenga, nami nikajifanya naokota waya chini ya kitanda.

Kazi yangu ni ufundi wa kompyuta. Nikarudi dukani kwangu nikiwa na hasira, nikachukua flashi tupu. Si lazima kompyuta iwake kwa vitu vilivyomo tumboni mwake. Ukiiagiza, itawaka kwa kilichomo kwenye flashi na kuyaacha mengine yote yalale. Nikaweka humo mfumo mdogo na programu moja tu, ya kuandikia. Nikaondoa menyu, saa, mtandao, hata kile kimlio cha kuwaka. Nikaiagiza ihifadhi yenyewe kila anachoandika. Herufi nikazikuza mpaka maneno machache yakajaza mstari. Mara ya kwanza iliniuliza jina la mtumiaji. Nikaitukana, nikaanza upya. Mara ya pili ikafunguka moja kwa moja kwenye ukurasa mweupe, kistari cha kuandikia kinapepesa, basi. Nilicheka peke yangu dukani.

Asubuhi yake nikaichomeka, nikamwekea Baba kompyuta kwenye meza ya kitandani. Mama akaketi karibu naye, akamnyooshea kola ya shati.

"Haya, Mzee, sema," akamwambia. "Mwambie huyu binti yako mbishi kwamba tulishakubaliana."

Kidole kikashuka. Herufi moja, kupumua, nyingine. Alipokosea alifuta, maana Baba hakuwahi kubandika tangazo lenye kosa. Sisi tukasubiri, na Mama kwa mara ya kwanza hakumsaidia neno.

*mama watoto nimechoka. sitaki kisu tena. nataka kukaa hapa na wewe mpaka basi*

Mama alisoma kwa sauti, kwa mazoea yake ya ukalimani. Alipofika kwenye kisu sauti ikakatika, midomo ikaendelea peke yake mpaka mwisho.

"Lakini uliitikia," akasema. "Daktari akija unaitikia. Nikikuuliza usiku unaitikia."

Baba akamtazama.

"Na mimi je?" Mama sasa alikuwa analia. "Ukienda, mimi nitakaa na nani?"

Kidole cha Baba kikarudi kwenye herufi.

*ndiyo maana niliitikia*

Nilikuwa nimeutaka ukweli, na huo hapo, kwa herufi kubwa nilizozikuza mwenyewe. Uliniuma vibaya. Kama kuing'oa ile flashi kungemrudishia Mama mzee wake wa kuitikia, ningeing'oa palepale. Nilibaki nimesimama na mikono yangu, sijui niiweke wapi.

Mama akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Akakishika kile kidole, akakaa nacho mapajani mwake mpaka kikaacha kutetemeka. Halafu, bila kukiachia, akatafuta simu kwa mkono wa pili, akapiga hospitali.

"Ile tarehe ya kumpasua mzee wangu iondoeni," akasema. "Amekataa."

Upande wa pili wakamuuliza jambo. Mama akasikiliza.

"Hapana," akajibu. "Siyo mimi. Amesema mwenyewe."